Themanini na Moja

Mama Wakesho alifika mtaa wa Sofia saa nne asubuhi, mkungu wa ndizi begani, akamkuta mwalimu Danson hana suruali. Anayo, si kwamba hana. Ilikuwa nje kwenye kamba inakauka. Suruali ya kazi ilikuwa moja tu, nyeusi, na Jumamosi ndiyo zamu yake ya kufuliwa. Basi mhadhiri wa chuo kikuu, mtu wa shahada mbili na ya tatu iliyokwama njiani, alimfungulia mgeni mlango amejifunga leso ya mke wake.

"Kwawuka, mwalimu," mama alimwamkia kwa Kidawida, macho ameyapeleka kwenye mlango wa jirani ili asimwaibishe.

"Kwawuka, mama. Karibu, karibu ndani. Niwie radhi, nilikuwa nafua."

"Hata sisi tunafua."

Akautua mkungu sakafuni, akaukalisha vizuri usianguke, akaketi kwenye kiti. Kiti kilikuwa kimoja, kwa hiyo Danson aliketi kitandani. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kilichokatwa kwa pazia, na mabati yalikuwa yameanza kutatarika kwa jua. Linet, mkewe, alikuwa mtaa wa Mwakingali akifulia watu.

Mama Wakesho, jina lake la kanisani Priscilla, alikuwa na mikono iliyoshika weusi wa utomvu wa ndizi, ule usiotoka hata ukiusugua kwa mafuta ya taa. Kila Jumatano huenda Taveta kuchukua ndizi, Alhamisi yuko kando ya barabara pale Mraru anaziuza. Kwa ndizi hizo alikuwa amemlipia binti yake karo ya miaka minne: elfu arobaini na mbili kila muhula, na juu yake ada ya maktaba isiyo na vitabu, na ada ya maabara ambayo Wakesho, msichana anayesomea ualimu wa Kiswahili na historia, hajawahi kuonyeshwa hata mlango wake.

"Sitaki kukupotezea saa, mwalimu," alisema. "Wakesho ameniambia ni wewe umebaki."

"Nimebaki?"

"Alama. Masomo yote alama zimeingia, isipokuwa lako. Hiyo hesabu yenu ya nini..."

"Takwimu."

"Hiyo. Na kufuzu ni Ijumaa. Shule moja ya Taveta imemshikia nafasi ya kufundisha mpaka mwisho wa mwezi. Mwalimu mkuu anataka barua kwamba amemaliza. Asipopeleka, anachukuliwa mwingine. Na wa kuchukuliwa si wamejaa, mwalimu? Wamejaa kila mahali."

Danson alisikia masikio yakipata moto. Za masomo yote zimeingia! Mwezi wa nane walikuwa wahadhiri tisa wa kibarua, wameketi kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni, wakaapa: chuo kisipolipa, hakipati alama. Walikuwa wamefundisha miezi kumi na minne bila kuona shilingi. Katunge, wa uhasibu, alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Mpaka jana usiku Katunge alikuwa bado anatuma picha za ngumi kwenye kundi lao la simu. Kumbe ameshapeleka zake. Wote wameshapeleka, wakamwacha yeye na kiapo.

Akamweleza mama, pole pole, jinsi chuo kilivyowanyima mshahara, jinsi walivyoandika barua tatu, jinsi silaha pekee ya mhadhiri wa kibarua ni zile karatasi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo umemshika mtoto wangu ili wao wakulipe."

"Si yeye, mama. Tumekishika chuo."

"Chuo umekishika wapi?"

Nje, mtoto wa jirani alikuwa anapiga sufuria kwa kijiko, na Danson akatamani mtu amnyamazishe.

"Na umeshasahihisha?" mama aliuliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa aibu yake kubwa kuliko leso. Alikuwa ameshasahihisha zamani. Alizimaliza kwa siku nne, mwezi ule ule wa nane, kwa sababu hakuweza kuona karatasi za wanafunzi zimelala bila kuzisoma. Akainama, akalivuta sanduku chini ya kitanda, akafungua. Karatasi arobaini na mbili. Ya Wakesho ilikuwa juu kabisa, kwa sababu alikuwa ameitoa mara mbili tatu kuitazama tu, kama mkulima anavyorudi kuangalia hindi moja lililonenepa shambani mwa ukame. Juu yake, kwa wino mwekundu, ndani ya duara: 81.

Mama hakusoma sana, lakini ni mtu wa biashara, namba anazijua. Alipangusa kidole kwenye nguo kabla hajaigusa.

"Themanini na moja. Kwa mia?"

"Kwa mia. Ndiye wa kwanza darasani. Anayemfuata ana sitini na tisa."

Mama alicheka, cheko fupi, akaziba mdomo haraka. "Huyu mtoto! Huyu mtoto jamani!" Akairudisha karatasi kwa mikono miwili. Kisha akaanza kusimulia mambo mengine kabisa.

"Unajua mwaka ule wa njaa, chifu alisoma majina ya mahindi ya msaada pale Mraru. Langu halikuwepo. Wengine walioachwa wakaenda makwao wakilia. Mimi sikulia. Nilisimama. Wote wameketi chini, mimi nimesimama tu. Sikumtukana mtu. Chifu akahutubia, akanywa maji, akahutubia tena, na kila akiinua macho ananiona. Mwisho akachoka. Akatoa kalamu, akaniandika. Gunia zima, mwalimu." Akamwangalia. "Wewe si chifu. Ndiyo maana nimekuja kwako nikaketi."

"Jumatatu nitazipeleka," Danson alisema.

"Jina litakuwepo?"

"Litakuwepo."

"Umesema?"

"Nimesema, mama."

Akainuka. Danson akamwambia auchukue mkungu, watu wataona ni hongo. Mama alishangaa kweli kweli. "Hongo ya nini? Nimekuja kwa mtu, nije mikono mitupu?" Akaenda zake, na nyumba nzima ikabaki inanuka ndizi.

Jumatatu Danson alilifunga sanduku kwa kamba ya katani akatoka nalo barabarani. Aliyemchukua alikuwa Bonface, mwanafunzi wake wa darasa lile lile mpaka wiki ya tatu ya muhula, karo ilipomfukuza. Sasa alikuwa wa bodaboda, anaegesha pale stesheni ya treni ya kisasa.

"Panda, mwalimu. Ya leo ni juu yangu."

"Nitakulipa, Bonface."

"Utanilipa na nini? Panda bwana."

Chuo Kikuu cha Upeo kilikuwa hoteli zamani, ya watalii wa Tsavo. Hoteli ikafa, mwenye chuo akainunua pamoja na mapazia yake. Mpaka leo milango ya madarasa ina namba za vyumba, ukumbi mkubwa wa mihadhara wanafunzi wanauita Baa, na bwawa la kuogelea halina maji, limejaa viti vilivyovunjika miguu. Bango kwenye barabara ya Mombasa linasema: SHAHADA KUMI NA NNE CHINI YA PAA MOJA. Wahadhiri wa kudumu walikuwa sita. Danson peke yake alifundisha kwenye shahada tano kati ya hizo, na katika kijitabu cha kuwavutia wazazi picha yake ilitokea mara mbili, moja na miwani, moja bila.

Ofisi ya msajili ilikuwa pale palipokuwa mapokezi. Nyuma ya kiti cha bwana Gibson, msajili, bado kulikuwa na misumari ya kutundikia funguo. Gibson alikuwa mtu mnene wa sauti laini, mtu wa "ndugu yangu" kwa kila mtu, hata anapomfukuza. Kando yake, kwenye kompyuta, alikaa Moureen, karani, ambaye Danson alimfundisha miaka miwili iliyopita. Msichana mwerevu. Alipata A yake kwa haki.

"Daktari!" Gibson alimwita hivyo mbele za watu, ingawa alijua fika shahada ya udaktari ilikwama kwa kukosa karo. "Umetuletea nini, nguo?"

"Alama, bwana Gibson. Na karatasi zenyewe. Takwimu, ualimu mwaka wa nne."

Gibson alimtazama Moureen. Moureen aliitazama kibodi.

"Hizo tunazo, ndugu yangu."

"Mnazo? Mmezitoa wapi? Karatasi ziko hapa, sijamwonyesha mtu."

"Seneti ilikaa Alhamisi. Tungengoja sanduku lako?" Gibson alisukuma karatasi moja juu ya kaunta. "Bado sahihi yako tu."

Danson aliisoma. Majina yalipangwa kwa herufi, arobaini na matatu, kila moja na alama yake. Kabla hajaziona namba, aliliona umbo. Wachache juu, wachache chini, kundi zito katikati. Zilikaa vizuri mno. Darasa lake halikuwa hivyo, darasa lake lilikuwa Wakesho juu peke yake, kisha watu kadhaa, kisha nusu nzima inajikokota kwenye arobaini, kwa sababu kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja na kilikuwa cha mwalimu.

"Moureen," alisema. "Hizi ni za nani?"

"Mwalimu, si wewe ulitufundisha?" Hakumfanyia mzaha. Uso wake ulikuwa kama wa mwanafunzi anayengoja kusifiwa. "Wengi katikati, wachache pembeni, umbo la kengele. Niliambiwa zikae kama za kweli."

"Na Bonface? Amepata sitini na tatu?"

"Yuko kwenye orodha ya waliosajiliwa."

"Bonface hakufanya mtihani. Yuko hapo nje juu ya pikipiki!"

"Basi amejitahidi," Gibson alisema. "Usijali, huyo hafuzu. Ana deni la karo."

Danson alishuka na kidole mpaka chini kabisa. Verah, 37. Violet, 39. Wakesho, 38. Alama ya kupita ni arobaini. Alirudia kusoma, kwa sababu mtu hutumaini tu kwamba jicho limemdanganya.

"Hawa watatu umewachagua vipi?"

"Sikuchagua mtu, mwalimu. Ningechagua ingekuwa dhambi." Moureen sasa alisema chini chini. "Nilijaza nikishuka, nikichanganyachanganya. Nilipokaribia mwisho nikakumbuka hakuna aliyeanguka. Walikuwa wamebaki hao."

"Lazima waanguke?"

"Mtahini wa nje haamini darasa ambalo hakuna aliyeanguka," Gibson alijibu badala yake. "Mwaka jana tulipitisha wote, akatuandikia barua mbaya sana. Safari hii amesifu. Amesema takwimu ndilo somo lililosahihishwa kwa makini kuliko yote."

Danson akaanza kufungua kamba ya katani. Fundo likakataa, akalikata kwa meno. Akaitoa karatasi ya Wakesho, akaiweka juu ya ile orodha. "Themanini na moja. Soma mwenyewe. Soma ukurasa wowote."

Gibson hakuisoma. Aliiinua kwa ncha za vidole viwili, akamrudishia.

"Ndugu yangu, sikiliza. Ukibadilisha moja, orodha nzima inarudi Seneti. Seneti inakaa tena mwezi wa tatu. Watoto karibu arobaini hawafuzu Ijumaa. Wazazi wamekodi magari, wamechinja. Unataka nisimame niwaambie kwamba mwalimu Danson alikalia alama miezi mitatu, na leo ndiyo amekumbuka?"

"Nilikalia kwa sababu hamlipi!"

"Hiyo pia nitawaambia. Kwamba ulikuwa unataka pesa." Sauti haikupanda hata kidogo. "Hao watatu watafanya marudio mwezi wa nne. Elfu nane tu. Watafuzu mwakani. Mwaka ni nini?"

"Huyu msichana ana kazi Taveta inayomngoja mpaka mwisho wa mwezi."

"Kazi hazijaisha duniani."

Kisha akafungua droo, akatoa karatasi nyingine, akailaza kando ya ile ya kwanza. "Januari tunaanza shahada mpya. Takwimu na Sayansi ya Data. Bango limeshachorwa. Lazima kuwe na mkuu wa idara, mtu wa kudumu, mwenye mshahara. Mwenyekiti aliniuliza nani. Nikamwambia, Danson, nani mwingine?" Akaisogeza karatasi mbele. "Au nimwambie nilikosea?"

Kalamu ilikuwa imefungwa kwenye kaunta kwa uzi, tangu enzi za hoteli, wageni wasiondoke nayo. Danson aliufikiria mkungu wa ndizi. Walikuwa wameshaula nusu. Alifikiria Linet, ngozi ya vidole imechunika kwa sabuni za watu. Aliwafikiria wale arobaini, na alijua anawafikiria kwa sababu wanamfaa. Alikuwa na hasira na Gibson, lakini aliyemchukia kweli saa ile alikuwa yeye mwenyewe wa mwezi wa nane, yule aliyeapa juu ya chai. Uzi ulikuwa mfupi, ikabidi ainame ili kutia sahihi. Alitia mara mbili, kwenye orodha na kwenye mkataba.

"Na hizi?" aliuliza, akionyesha sanduku.

"Kaa nazo tu. Stoo imejaa."

Bonface alikuwa anamngoja getini. "Mbona unarudi na mzigo, mwalimu?"

"Umepata sitini na tatu."

"Ya nini?"

"Takwimu."

Bonface alicheka mpaka akazima pikipiki. "Mimi? Lo! Sasa kama mimi ni sitini na tatu, Wakesho si amepata mia mbili? Yule ndiye alikuwa ananielezea." Aliangalia uso wa mwalimu, akaacha kucheka. Akawasha tena, akampeleka mpaka Sofia.

Wakesho alimpigia simu Jumatatu jioni. Danson aliiacha ikalia. Akamwandikia: Kuna tatizo dogo, linashughulikiwa. Jumanne orodha ilibandikwa kwenye ubao, na Jumatano alimkuta amesimama kando ya bwawa lenye viti, begi kifuani. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye kuongea kwa utaratibu, na hakuwa analia. Danson alitamani angekuwa analia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wakesho, mimi..."

"Nilipata ngapi?"

"Themanini na moja."

"Na hiyo thelathini na nane ni ya nani?"

Akamweleza, au akajaribu. Kengele, mtahini wa nje, herufi. Alisikia maneno yakitoka mdomoni mwake kwa sauti ya Gibson, hata lile "mwaka ni nini" lilitaka kutoka, akalizuia.

"Kwa hivyo kama ningeitwa Agnes ningepita," Wakesho alisema.

"Andika barua ya malalamiko. Karatasi yako ninayo, nitaitoa."

"Nimeshauliza. Wamesema malalamiko yanapokelewa kama mwalimu wa somo hajatia sahihi. Akishatia, alama ni yake." Akamtazama usoni. "Ni sahihi yako, mwalimu? Ile ya pale chini?"

Danson akatoa simu mfukoni, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono. "Nitakulipia hiyo elfu nane. Marudio. Gibson amenitumia kidogo jana, nitakulipia."

"Nirudie nini? Nilifaulu."

Upepo wa vumbi ulipita ukainua karatasi za chipsi kutoka ndani ya bwawa. Wakesho alisubiri utulie.

"Mama nimemwambia," alisema. "Hataki kusikia. Mbuzi ameshanunuliwa, na watu wa kanisa wamekodi pikapu. Anasema mwalimu aliahidi. Anasema hao wa ofisini wameruka jina tu, wakimwona watalikumbuka. Nimemwambia hapa si kwa chifu. Ananiambia, mtu ni mtu." Akaliweka begi begani. "Mimi siendi. Lakini yeye atakuja. Kwaheri, mwalimu."

Ijumaa jua liliwaka mapema. Mahema manne yalipigwa kuzunguka bwawa, na bwawa lenyewe likafunikwa turubai la buluu ili kwenye picha lionekane lina maji. Danson alivalishwa joho la kukodi, jekundu, refu kuliko yeye. Chini yake alikuwa na suruali mpya ya kijivu, ya mtumba lakini safi; Linet aliinunua Alhamisi kwa ile pesa ya Gibson, kwa sababu mkuu wa idara hawezi kupanda jukwaani na ile ya kila siku. Akawekwa safu ya pili, nyuma ya mwenyekiti wa chuo.

Alimwona Mama Wakesho mara moja. Hema la tatu, mstari wa katikati, gauni la Jumapili la maua, na mapajani shada la karatasi zinazometameta, kijani na dhahabu, lile ambalo wazazi huwavisha watoto shingoni wakishafuzu. Alilipata pale langoni kwa mia mbili. Kando yake wazee wawili wa kanisa na mtungi wa uji.

Gibson alisoma majina. Kila jina, vigelegele. Shahada ya ualimu ilikuwa ya nne kusomwa. Abel, Agnes, Baraka. Mama Wakesho aliwapigia makofi wote, hata asiowajua. Majina yakashuka. Salome. Sylus. Tabitha. Tobias. Alipofika Tobias, Mama Wakesho alikuwa ameshalishika shada kwa mikono miwili.

Gibson akafunga faili.

Mama Wakesho akasimama.

Hakupiga kelele. Alisimama tu, wima, kama alivyosema alisimama Mraru. Walioketi nyuma yake walingoja kidogo, wakaanza kunung'unika. "Mama, keti tuone!" "Mama, tunaona mgongo wako tu!" Hakugeuka. Kwaya ikaimba wimbo mzima, beti tatu, amesimama. Binti wa kuongoza wageni, mwenye kitambulisho kifuani, akamwendea akamnong'oneza, na Danson, kwa mbali, akaweza kusoma midomo ya mama: Bado mmoja.

Gibson aliinua macho, akamwona, akayashusha. Aliinua tena. Alikunywa maji. Danson alihesabu mara nne, na moyo wake ukaanza kumdanganya kwamba labda, labda mtu ni mtu kweli. Lakini Gibson hakuwa na kalamu mkononi. Alimwinamia mwenyekiti sikioni, na mwenyekiti akaenda kwenye kipaza sauti kabla ya zamu yake.

Mwenyekiti alizungumzia ubora. Alizungumzia umaskini wa wazazi wa Taita Taveta na jinsi chuo kilivyobeba mzigo wao. Jua lilikuwa limeingia chini ya hema la tatu, na jasho lilimtiririka Mama Wakesho mpaka kwenye kola ya gauni. Wazee wa kanisa walimvuta mkono. Hakuketi.

"Na Januari," mwenyekiti alisema, "tunaanza shahada ya kumi na tano! Takwimu na Sayansi ya Data! Wapi daktari wetu? Daktari Danson, simama wazazi wakuone!"

Danson alisimama.

Makofi yalipigwa. Katika mahema yote, katika uwanja mzima, waliokuwa wamesimama walikuwa wawili tu, yeye na Mama Wakesho, wanatazamana juu ya lile turubai la buluu. Aliuona uso wa mama ukifunguka. Hakujua mambo ya idara wala ya data. Alichoona ni kwamba mwalimu ameinuka, mwalimu aliyesema jina litakuwepo, na kipaza sauti kiko karibu naye. Akamwitikia kwa kichwa, kumtia moyo. Kisha akalikung'uta shada, akazinyoosha karatasi zake, akalifungua liwe tayari.

Makofi yakaisha. Watu wakangoja. Kipaza sauti kilikuwa hatua mbili.

"Asante, daktari," mwenyekiti alisema.

Danson alipunga mkono kidogo, akalikusanya joho lisikunjike, akaketi.

Mama Wakesho aliendelea kusimama, shada mikononi, wazi, kwa ukubwa wa kichwa cha mtu.